Bei Kivuli na Unga wa Lishe: Namna ya Kuisoma Hesabu ya Upangaji Mstari Kiwandani

Katika muhtasari wa Hisabati ya Msingi uliotumika Tanzania kwa miaka mingi, upangaji mstari ulikuwa mada ya Kidato cha Nne. Mwanafunzi alipewa bidhaa mbili na masharti matatu au manne, akachora mistari kwenye karatasi ya grafu, akajaribu pembe za eneo linalokubalika moja baada ya nyingine, hadi akaipata iliyotoa faida kubwa au gharama ndogo kuliko zote. Akishaipata, alilipigia jibu mstari na kufunga daftari. Mazoea hayo huenda naye hadi kiwandani. Kompyuta inatoa mchanganyiko wa bei nafuu, meneja anaupeleka kwa wasagaji, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kwa kiwanda cha chakula, mchanganyiko huo ndio sehemu isiyo na uzito mkubwa katika hesabu nzima. Kilicho na uzito ni bei ambayo hesabu inalipachika kila sharti. Wanauchumi huiita bei kivuli: kiasi ambacho gharama ingepanda iwapo sharti lingekazwa kwa kipimo kimoja, au ingeshuka iwapo lingelegezwa. Asiyeisoma bei hiyo hajui kinachomgharimu ni nini, na wala hawezi kulinda usalama wa anachokiuza.

Ndivyo mbinu hii ilivyoanza. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad, alichapisha kijitabu kuhusu kupanga uzalishaji, baada ya kuulizwa na watengenezaji wa plaiwudi namna ya kugawa kazi kwa mashine zao. Utatuzi wake ulipita kwenye vizidisho, namba zinazopima thamani ya kila kikwazo, na kwa miaka mingi alilazimika kuzitetea mbele ya wanauchumi wa Kisovieti walioona ndani yake bei za soko zikiingia kwa mlango wa nyuma. Kitabu chake kikubwa juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1959, na mwaka 1975 yeye na Tjalling Koopmans wakapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Upande wa Marekani, George Dantzig alibuni mbinu ya simpleksi ya kutatua hesabu hizi mwaka 1947. Jaribio lake kubwa la kwanza lilihusu chakula. Miaka miwili kabla, George Stigler alikuwa amechapisha hesabu ya mlo wa bei ndogo kuliko wote, kutoka vyakula 77 na virutubishi 9, akafikia dola 39.93 kwa mwaka kwa bei za 1939. Makarani tisa wakiongozwa na Jack Laderman waliirudia hesabu hiyo kwa mashine za mezani. Kazi yao ikijumlishwa ilikuwa sawa na siku 120 za mtu mmoja, na wakapata dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu. Leo Excel inatatua swali hilo hilo kwa kufumba na kufumbua. Ugumu uliobaki ni kuandika masharti kwa usahihi, kisha kusoma yanachosema.

Tuchukue kiwanda cha kati, tuseme Morogoro, kinachosaga unga wa lishe kwa mahindi, soya na ulezi. Karanga nimeziacha makusudi, kwa sababu ya sumukuvu (aflatoksini) nitakayoijadili mbele. Bei ni za mfano: mahindi shilingi 800 kwa kilo, soya 2,000, ulezi 1,800. Katika gramu 100, tuchukulie mahindi yana protini gramu 9 na kalsiamu miligramu 7. Soya gramu 36 na miligramu 277. Ulezi gramu 7 na miligramu 344. Kiwanda kimejiwekea masharti mawili kwa kila gramu 100 za unga: protini isipungue gramu 14 na kalsiamu isipungue miligramu 100. Lengo ni gharama ndogo ya malighafi.

Jibu ni mahindi asilimia 68.5, soya 19.4 na ulezi 12.0, kwa gharama ya shilingi 1,153 kwa kilo. Hapo ndipo wengi huishia. Sasa tutazame bei kivuli. Gramu moja zaidi ya protini ingeongeza takribani shilingi 14 kwa kila kilo ya unga. Miligramu 10 zaidi za kalsiamu zingeongeza shilingi 30 na nusu. Gharama imepanda kutoka shilingi 800 za mahindi matupu hadi 1,153, yaani kwa shilingi 353. Ukiigawa nyongeza hiyo kwa bei kivuli, takribani shilingi 284 ni za kalsiamu na 70 tu ndizo za protini. Kiwandani watu hubishana kuhusu soya kwa kuwa soya ndiyo ghali sokoni, lakini mzigo wenyewe umebebwa na sharti ambalo aghalabu halitajwi kikaoni.

Nenda sasa kwa fundi mchanganyaji aliyeikuta kazi hii kabla ya kompyuta. Yeye hutia nusu mahindi, robo soya na robo ulezi. Unga wake unagharimu shilingi 1,350, yaani 197 zaidi ya ule wa hesabu. Kwa kiwanda cha tani 10 kwa siku, hizo ni karibu shilingi milioni mbili kila siku, na meneja mwenye pupa atamwandikia fundi barua. Lakini pima unga wenyewe: una protini gramu 15.25 na kalsiamu karibu miligramu 159. Zidisha ziada hizo kwa bei kivuli. Protini inaeleza shilingi 17, kalsiamu inaeleza 179, na jumla yake ni 197 zile zile, baada ya kukadiria desimali. Hakuna hata shilingi moja iliyopotea. Kwa bei hizi, mchanganyiko wa fundi ndio wa gharama ndogo kuliko wote kwa yeyote anayetaka protini gramu 15.25 na kalsiamu miligramu 159.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu maandishi mengi kuhusu upangaji mstari viwandani hufuata njia moja: yanaonyesha gharama kabla ya hesabu, yanaonyesha gharama baada ya hesabu, kisha yanaita tofauti hiyo upotevu uliookolewa. Katika mfano wetu hapakuwa na upotevu. Palikuwa na watu wawili wenye masharti tofauti, mmoja ameyaandika na mwingine ameyabeba mikononi. Labda fundi aliongozwa na rangi ya uji, au na akina mama waliorudi kununua. Anayelinganisha gharama mbili bila kulinganisha masharti yaliyozizaa analinganisha bidhaa mbili tofauti, na anayepunguza kalsiamu kwa kisingizio cha ufanisi anamuuzia mtoto unga hafifu zaidi. Huenda hilo likawa uamuzi halali, kwa sababu unga wa shilingi 1,153 unafika nyumba ambazo wa 1,350 haufiki. Sharti ni ufanywe kwa macho wazi.

Hesabu ya mstari ina tabia nyingine ambayo grafu ya shuleni huionyesha lakini haituonyi juu yake: jibu hukaa ukingoni. Tukiomba gramu 14, tutapata gramu 14 kamili. Lakini soya ya msimu huu haina protini sawa na ya msimu uliopita, na gunia la mkulima mmoja si sawa na la jirani yake. Kama namba zetu ni wastani, basi karibu nusu ya mifuko itakayotoka kiwandani itakuwa chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye lebo. Lazima tusogee mbali na ukingo, na bei kivuli inatuambia hatua hiyo itagharimu kiasi gani. Gramu moja ya protini na miligramu 10 za kalsiamu kama akiba ya usalama zinagharimu shilingi 44 hivi kwa kilo, chini ya asilimia 4 ya gharama. Meneja anayekataa kulipa shilingi 44 na anayekubali wote sasa wanajua wanabishania nini.

Lipo sharti moja lisilopaswa kabisa kuandikwa kwa njia hii, nalo ni la sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa unga wa mahindi ni jumla ya sumu hiyo isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa mwanafunzi wa hesabu, huo ni mlinganyo wa wastani kama wa protini: zidisha sumu ya kila shehena kwa sehemu yake kwenye mchanganyiko, jumlisha, hakikisha jibu halivuki 10. Mpe shehena safi yenye mikrogramu 2 na shehena mbovu yenye 40, naye ataruhusu asilimia 21 ya ile mbovu. Na kwa kuwa mahindi mabovu huuzwa kwa bei ya kutupa, hesabu ya gharama ndogo itaikimbilia shehena hiyo na kuitumia hadi tone la mwisho linaloruhusiwa. Haitafanya hivyo kwa bahati mbaya. Ndiyo kazi tuliyoipa.

Kosa hapa ni la kimaumbile, na kwingine ni la kisheria pia. Protini imeenea katika punje zote, lakini sumukuvu hukusanyika katika punje chache zilizoota ukungu, nazo zinaweza kubeba mara nyingi zaidi ya wastani wa shehena. Sampuli iliyochotwa gunia moja inaweza kuzikosa zote, kisha mfuko mmoja wa kilo mbili ukabeba zilizokosekana. Umoja wa Ulaya unakataza kuchanganya chakula kilichovuka kiwango na kilicho safi ili kukipunguza makali, na viwanda vyetu havina sababu ya kujiruhusu zaidi ya hapo. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa sumu hii na 125 wakafariki. Kwa hiyo sumukuvu imalizwe kwenye mlango wa ghala: shehena ipimwe, na ikivuka kiwango isiingie kwenye orodha ya malighafi ambayo kompyuta inaweza kuchagua. Hapo ndipo karanga nazo ziingie au zikataliwe.

Ladha nayo haifuati mstari. Katika mfano wetu, bei ya ulezi ikipanda taratibu kutoka 1,800, mchanganyiko haubadiliki hata kidogo, hadi ulezi uvuke shilingi 2,298. Hapo hesabu inauondoa wote kwa mara moja na kupandisha soya hadi asilimia 34. Kimahesabu ni kuruka tu kutoka pembe moja hadi nyingine. Kiwandani ni balaa: lebo imeshachapishwa ikitaja ulezi, na uji wenye theluthi moja ya soya una harufu ambayo watoto wengi huikataa. Dawa yake ni rahisi, kuandika kwamba ulezi usipungue, tuseme, asilimia 10. Lakini anayeweza kulitaja sharti hilo mapema ni fundi, kwa hiyo fundi awepo siku masharti yanapoandikwa.

Dagaa ni mfano wa upande wa pili. Tukichukulia unga wa dagaa una protini gramu 60 na kalsiamu miligramu 2,000, bei kivuli zinasema utapunguza gharama hata ukinunuliwa kwa karibu shilingi 7,590 kwa kilo. Afisa ununuzi anaweza kupata namba hiyo bila kuunda upya modeli, kisha kumwachia fundi swali la harufu na la muda wa kuhifadhi.

Wapo watakaosema hesabu hii ni ya viwanda vikubwa. Sikubali. Kiwanda kidogo ndicho chenye kikwazo kimoja kinachobana kuliko vyote, na mara nyingi hakijakitambua. Soya lazima ikaangwe kabla ya kusagwa. Kikaango kikiwa na uwezo wa kilo 1,500 kwa siku na kiwanda kikapangiwa tani 10, kompyuta itajibu kwamba hakuna jibu. Hilo lenyewe ni jibu: kwa protini gramu 14 na bei hizi, mchanganyiko wa gharama ndogo hauwezi kuzidi takribani tani 7.7 kwa siku, hata kama mashine za kusaga ni mpya na wafanyakazi ni wengi. Mkopo unaoombwa kwa ajili ya kinu cha pili ungepaswa kuombwa kwa ajili ya kikaango.

Nashauri basi ripoti ya kila wiki ya uzalishaji iwe na safu mbili zaidi, zisizozidi nusu ukurasa: bei kivuli ya kila sharti, na bei ya sokoni ambayo ikivukwa mchanganyiko utabadilika. Safu ya kwanza isomwe na meneja pamoja na mtu wa viwango, ya pili iende kwa afisa ununuzi kabla hajapanda gari kwenda mnadani.