Corona na wakimbizi: nchi inayopokea ina wajibu gani?

Mwezi wa tatu 2020, Uganda ilifunga mipaka yake juu ya Corona na ikasimamisha kupokea wakimbizi wapya. Kwetu Ituri, vita ilikuwa bado inafukuza watu vijijini. Mwezi wa tano, maelfu walikimbilia upande wa wilaya ya Zombo wakakwama: nyuma vita, mbele mpaka umefungwa. Ni tarehe 1 hadi 3 mwezi wa saba ndipo Uganda ilifungua njia kwa muda, na watu zaidi ya 3,000 wakaingia. Waliwekwa kwanza karantini, kisha wakapelekwa kambini.

Nchi inaweza kufunga mpaka juu ya ugonjwa?

Kwa wasafiri, ndiyo. Hata mkimbizi inaweza kumpima na kumuweka karantini. Lakini kumrudisha kwenye hatari, hapana. Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Uganda iliukubali mwaka 1976, unakataza hivyo katika kifungu cha 33. Wanaoweza kunyimwa ulinzi huo ni mtu aliye hatari kwa usalama wa nchi ao aliyehukumiwa kwa kosa kubwa sana. Ugonjwa hautajwi. Na mkataba wa OUA wa 1969 unasema wazi: hata kumkatalia mtu pale mpakani ni kosa.

Akisha kuingia?

Kifungu cha 23 kinasema mkimbizi anayekaa kihalali apate msaada wa serikali sawa na raia. Kwa hiyo wakati wa ugonjwa wa kuambukiza hawezi kuachwa nyuma. Tena virusi haviulizi makaratasi: mkimbizi asipotunzwa, jirani yake raia naye hana usalama.

Na sisi Kongo?

Sheria namba 021 ya 2002 inatufunga vilevile. Wakimbizi wa Sudani Kusini wanaoishi Biringi, katika Aru, wana haki hizo kwetu.

Wadeplase wa Kigonze, hapa Bunia, ni jambo lingine. Hawakuvuka mpaka, kwa hiyo si wakimbizi. Wajibu wa kwanza wa kuwalinda na kuwatunza ni wa serikali yetu wenyewe.

Ukifika mpakani

Sema wazi kwamba unakimbia na unaomba ulinzi. Kubali kupimwa. Omba kuonana na HCR. Karantini ina mwisho wake; kurudishwa vitani kunaweza kuwa mwisho wa maisha.