Watoto wa Mchungaji na Samaki wa Ziwa Nyasa

Ukitaka kumjua profesa wa bayolojia, usianze na vitabu alivyoandika. Anza na nyumba aliyolelewa. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za watu walioandika kwanza kuhusu viumbe vya Ziwa Nyasa, na mara kwa mara nakutana na nyumba ya mchungaji. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba dini na bayolojia ni paka na panya. Kwa ziwa letu, historia inasema jingine kabisa.

Tuanzie mbali kidogo, Cambridge. Leo ni chuo kikuu cha watu wa kila dini na wasio na dini, lakini hadi miaka ya 1850 hukuweza kupata shahada pale bila kutangaza kwamba wewe ni muumini wa Kanisa la Uingereza. Kilikuwa chuo kikuu cha Kikristo kwa sheria kabisa. Na maprofesa wake wa mambo ya viumbe na miamba walikuwa makasisi. John Henslow, profesa wa botania, alikuwa pia kasisi wa kijiji cha Hitcham. Adam Sedgwick, profesa wa jiolojia, naye kasisi. Wawili hawa walimfundisha kijana mmoja ambaye baba yake, daktari, alimpeleka Cambridge asomee ukasisi, yeye akawa anakimbizana na mende. Kijana huyo ni Charles Darwin.

Sasa sogea mbele. Tarehe 4 Desemba 1857, David Livingstone alisimama Cambridge akawaomba vijana wa chuo waje Afrika. Mihadhara yake ilipochapwa kitabu, barua ya utangulizi iliandikwa na Sedgwick yuleyule. Kutokana na wito ule ikazaliwa UMCA, Misheni ya Vyuo Vikuu, kwa maana ya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Hebu litazame hilo jina. Misheni iliyoleta Uanglikana Liuli na mwambao wetu ilijiita kwa jina la vyuo vikuu, si la dayosisi.

Septemba 1859 Livingstone alifika Ziwa Nyasa. Novemba mwaka huohuo Darwin akachapisha kitabu chake juu ya chimbuko la aina za viumbe. Miezi miwili tu kati yake! Wakati ule hakuna aliyejua kwamba ziwa hili lina mamia ya aina za samaki, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na kwamba siku moja wanasayansi wangekuja hapa kutazama hasa jinsi aina moja inavyozaa nyingine.

Katika msafara wa Livingstone alikuwamo John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, ambaye baadaye alikuwa balozi mashuhuri wa Uingereza kule Zanzibar. Kirk alikuwa mtoto wa mchungaji wa Scotland. Samaki aliowakusanya walipelekwa London, kwenye makumbusho, wakafika mezani kwa Albert Günther. Na Günther je? Mjerumani ambaye familia yake ilimpeleka Tübingen asomee uchungaji wa Kilutheri kabla hajahamia kwenye elimu ya wanyama. Mwaka 1864 aliwaandika samaki wa Kirk, akiwemo mbasa. Mwaka 1868 akamwandika usipa. Kwa hiyo kitoweo tunachonunua Mbamba Bay kwa fungu kiliingia katika sayansi kupitia mikono ya mtoto wa mchungaji na mtu aliyekusudiwa kuwa mchungaji.

Siyo ajabu sana ukifikiri. Katika Ulaya ile, nyumba ya kasisi ndiyo ilikuwa na vitabu, na nafasi ya kukaa ukatazama jani. Mkulima hakuwa na nafasi hiyo. Elimu ya viumbe ilikua pale palipokuwa na meza na mtu wa kuikalia.

Lakini meza ile ilikuwa London. Aliyevua mbasa wa kwanza, aliyejua anapanda mto gani kutaga na msimu gani, hakuandikwa mahali popote. Ziwa likasomwa kana kwamba halina wenyewe. Hata William Percival Johnson, msomi wa Oxford aliyekuja mwaka 1876, akakaa mwambao huu miaka mingi huku macho yakimpotea, akafia Liuli mwaka 1928, aliandika kitabu kizima juu ya ziwa na watu wake, na kitabu hicho kilichapwa London, kwa Kiingereza.

Walioanza kusikia walikuja baadaye, nao ni wanawake. Mwaka 1941 Ethelwynn Trewavas wa makumbusho yaleyale alimpa perege mmoja wa ziwa hili jina la kisayansi: *lidole*. Mwaka 1953 Rosemary Lowe, aliyekuwa amewafanyia utafiti perege hao tangu 1945, akaandika jingine: *saka*. Yote mawili ni majina ya wavuvi. Kumbe wavuvi walikuwa wamekwisha kutenganisha aina ambazo mtaalamu akizitazama kwenye chupa ya spiriti aliona moja. Mwaka huohuo wa 1953 Lowe aliolewa, ikambidi kuacha kazi ya serikali ya kikoloni, maana mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuendelea. Pengine aliyekwisha kuonja kufungiwa mlango husikia vizuri zaidi aliye nje. Hayo ni mawazo yangu tu.

Panda sasa kutoka ziwani hadi Ukata, kata ya Mbinga ambayo jina lake huwachekesha watu wa Dar es Salaam. Cheka, lakini tembea Umatengo uone ngoro. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, wanawake wanayafukia kwa udongo na kupanda maharage juu ya matuta. Katikati linabaki shimo linalokamata maji, na chini majani yanaoza kuwa mbolea. Mlima mkali, mvua kubwa, na udongo haukimbii. Hiyo ni bayolojia, bwana. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja Mbinga kuisoma.

Ndiyo maana suala la vyuo vikuu vya kanisa kwangu si la dini peke yake. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha bayolojia katika shule ya mapadre, St. Mary's Tabora. Leo walimu wa bayolojia wanaandaliwa Mwenge kule Moshi, na Mtakatifu Yohana kule Dodoma. Kusini tulikuwa na vyuo vishiriki vya Mtakatifu Yosefu pale Songea, na mwaka 1016 baada ya Masihi na miaka elfu moja juu yake, yaani juzi tu, Februari 2016, Tume ya Vyuo Vikuu ilivifutia vibali, wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Sibishani na uamuzi. Chuo kisicho na viwango hakimsaidii mtu. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Ukata au Liuli anayetaka kusoma samaki wa ziwa lake huanza kwa kupanda basi na kuliacha ziwa nyuma.

Kanisa lililotuletea Misheni ya Vyuo Vikuu lilijua tangu mwanzo kwamba mimbari na maabara vinaweza kukaa nyumba moja. Sasa tunasubiri profesa wa bayolojia ambaye wasifu wake utaanza hivi: mama yake alilima ngoro, baba yake alivua usipa. Huyo hatahitaji kuuliza samaki anaitwaje.