Mfupa wa Nyonga Unaotibu Kiganja

Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuisalimisha mingi ya Pemba. Tangu hapo Pemba ndiyo shamba la karafuu, na wanaoanguka mikarafuuni ni Wapemba kuliko wengine. Mchumaji wa Vitongoji, mashariki ya Chake Chake, hupanda na pakacha na ngoe yake. Tawi likimvunjikia, hutanguliza kiganja.

Ukivunjika mfupa mkubwa wa kigasha, mkono huvimba na kupinda, hata mtoto ataona. Mwenye hila ni skafoidi, kijifupa kama korosho kilichokaa chini ya kidole gumba. Nyoosha gumba, utaona kishimo kati ya kano mbili. Aliyeanguka akibonyezwa hapo akaruka kwa maumivu, asiridhike na eksirei ya siku ya kwanza, maana ufa wake huweza kujificha wiki mbili. Wengi huambiwa wameteguka, wakakandwa, wakarudi mtini.

Tatizo ni damu. Sehemu kubwa yake huingilia upande wa vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea kigasha. Ufa ukiikatiza njia, kipande cha nyuma hukosa damu na huweza kufa; hata hogo la miezi halikiungi. Hapo hutafutwa mfupa wa kupandikiza.

Kupandikiza mfupa ni habari kongwe. Mwaka 1668 Mholanzi Job van Meekeren alisimulia askari wa Urusi aliyezibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa. Kanisa likamtenga, akataka ung'olewe, ukawa umeshashika! Mwaka 1881 William Macewen wa Glasgow alieleza alivyomjengea mtoto mfupa wa juu wa mkono kwa vipande vya mifupa ya wagonjwa wengine. Skafoidi ilisubiri hadi 1928, Wamarekani Adams na Leonard walipoipandikizia mfupa.

Mimi namvulia kofia zaidi Otto Russe wa Vienna. Mwaka 1960 alifundisha kupasua upande wa kiganja, ili mishipa ya damu inayoingilia mgongoni mwa mfupa isiguswe. Alikwangua sehemu iliyokufa, akachimba shimo, akalijaza mfupa laini wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Kwa kuwa ni wake, mwili haukikatai kipande hicho. Seli hukipanda polepole na kujenga mfupa mpya. Mwaka 1991 Zaidemberg na wenzake wa Buenos Aires walichukua kipande cha kigasha pamoja na mshipa wake, kikahamia kwenye skafoidi kikiwa hai.

Tanzania ilianzisha taasisi yake ya mifupa, MOI ya Muhimbili, mwaka 1996. Kutoka Vitongoji kuifikia ni kuvuka bahari, na safari haiishii chumba cha upasuaji: mgonjwa wa Russe alikaa na hogo miezi kadhaa. Muda huo ulipunguzwa na skrubu ya Timothy Herbert wa Australia, iliyotangazwa 1984, ambayo huzama yote ndani ya mfupa na kuvibana vipande viwili na pandikizi lake katikati.