Ua la Magenge ya Mkulumuzi

Sisi watu wa Zinga tumezoea mchanga, minazi na maji ya chumvi. Kwa hiyo tulipokwenda kuzuru mto Mkulumuzi, karibu na mji wa Tanga, tulistaajabu sana. Hapo mto umejikatia njia katika miamba ya chokaa, magenge yamesimama huku na huku, na miti imesongamana juu yake hata jua hupenya kwa shida.

Katika nyufa za miamba hiyo, penye kivuli na unyevu, huota mmea mdogo. Majani yake ni ya mviringo, yenye vinyweleo. Maua yake ni ya zambarau, na katikati yana manjano. Udongo unaoulisha haujazi kiganja.

Habari zake ni hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Mdachi Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, aliuona mmea huu, akaupeleka kwa baba yake Udachi. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland, wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akauita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni la kumheshimu bwana yule na jamaa yake. La pili maana yake ni wenye maua kama urujuani, ingawa si jamaa ya urujuani hata kidogo.

Mwaka 1927 wakulima wa maua wa Los Angeles, katika Marekani, walipanda mbegu zilizotoka Udachi na Uingereza, wakachagua aina 10 za kuuza. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili wakaunda chama chao huko huko Marekani. Basi ua la magenge likawa ua la madirishani, likapandwa vyunguni katika miji yenye theluji.

Hata jina lile la heshima halikudumu mahali pake: mwaka 2015 wataalamu waliuingiza mmea huu katika ukoo wa Streptocarpus. Lakini mmea wenyewe haujali majina, wala vyungu vya Ulaya haviwezi kuulinda kwao. Kinachoulinda ni kivuli. Mti ukikatwa, mwamba huchomwa na jua, unyevu hukauka, na ua hufa lilipozaliwa. Na misitu ya Tanga na Usambara imepunguzwa sana kwa mashamba, kuni na mbao.

Tuliporudi Zinga tulivitazama vijito vyetu kwa macho mengine. Ni nani ajuaye Mungu ameweka nini penye ubaridi wake? Yule mkuu wa wilaya alipata sifa kwa kuinama na kutazama. Sisi tulio wenyeji tusiuchukue ukingo wa mto kuwa shamba la mkaa kabla hatujainama. Ndugu msomaji, ukishika shoka karibu na maji, tazama kwanza chini ya kivuli.