Ukumbi Tulioimbia

Niliombwa kuandika historia ya kwaya yetu, lakini historia hiyo haisimuliki bila ukumbi tulioimbia, ambao sasa kuna pendekezo ubomolewe wote ujengwe wa mawe. Nianzie mbali kidogo. Mimi ni mwalimu, mnivumilie.

Ukipanda matatu nambari 46 kutoka Kawangware, au 8 kutoka Kibera, ukashuka mjini na kutembea hadi Barabara ya Harry Thuku, utaona jumba la Kenya National Theatre karibu na hoteli ya Norfolk. Lilifunguliwa na serikali ya mkoloni mwaka wa 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa. Halikujengewa watu wa Kibera. Hata baada ya uhuru, waandishi wetu waling'ang'ania nafasi humo. Oktoba 1976, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi ulipewa siku chache tu. Ngũgĩ ameandika kwamba watazamaji waliungana na waigizaji, wakaimba na kucheza mpaka nje barabarani.

Kuna ambao wangelibomoa jumba lile kwa kuwa ni la mkoloni. Badala yake lilikarabatiwa, likafunguliwa upya Septemba 2015. Naona ilikuwa sawa, maana ule wimbo wa 1976 ulitokea mlango uleule.

Ukumbi wetu ni wa udongo na mabati. Mvua ikinyesha hata besi hawasikiki, na nyaya za stima zinatisha. Vijana wana haki kudai mahali pa kuweka kinanda bila kuogopa kulowa. Paa liende, nyaya ziende, sitalia. Ila jukwaa la mbao, hapana. Wazee wetu walilipigilia misumari wenyewe jioni baada ya kazi, kila mmoja na ubao aliojaliwa kuleta. Ndiyo maana mbao hazilingani, na wageni hujikwaa pale upande wa tena. Tena mbao hupokea sauti vizuri. Tukiweka tailzi chini na saruji kila upande, mwangwi utavuruga soprano na alto wasisikilizane.

Kamati ya ujenzi inakutana Jumapili baada ya ibada ya pili. Ombi langu ni jukwaa ling'olewe ubao kwa ubao, lihifadhiwe, lirudishwe ndani ya kuta mpya. Fundi amesema inawezekana, ila itaongeza gharama. Mwenye picha za zamani za jukwaa hilo aje nazo, na mwenye nyundo pia.