Datsun, Kahawa na Barabara ya Kyaka

Ndugu msomaji, kijana wa Karagwe akikwambia anataka gari la michezo, tena la zamani, usimcheke. Najua utasema: barabara yenyewe vumbi, mvua ikinyesha tope, mafuta bei juu, sasa gari la chini-chini hivyo la nini? Mwenye akili ananunua bodaboda, au akijitutumua sana ananunua mchomoko wa kubeba abiria Kayanga hadi Omurushaka. Hayo yote nimeambiwa. Lakini mimi ni mtu wa kupenda historia, na historia ya magari ya mwendo katika nchi zetu hizi haikuandikwa na matajiri peke yao. Iliandikwa pia na mafundi, na watu walionunua kile mwenzao alichokitupa.

Nimeanza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya mtoto wa baba yangu mdogo, anayekaa huko Kyerwa. Ameona Toyota Celica ya miaka ya 1970 inauzwa Mwanza. Imechoka, lakini inatembea. Hela hana. Alicho nacho ni kahawa, na kahawa yenyewe bado iko mtini, mbichi kabisa. Kuna mtu yuko tayari kumlipa leo, kwa bei ya leo, aje kuvuna mwenyewe. Kwetu jambo hilo lina jina: butura. Kila mtoto wa Kagera analijua hata kama hajui kuandika jina lake. Ukipiga butura unapata hela za haraka, halafu mavuno yakifika unasimama pembeni ya kibanja chako ukiangalia magunia ya mwenzio yakipakiwa.

"Kaka," aliniambia, "gari kama lile halingoji mtu."

Nikamwambia asubiri kidogo, nitamwandikia. Basi barua yenyewe imekuwa ndefu, imegeuka insha, na nimeona niwashirikishe na ninyi.

Tuanze na swali la msingi. Hivi mapenzi haya ya magari ya mbio yametoka wapi? Yametoka nyumbani hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1953, Elizabeth wa Pili alipotawazwa kule London, wapenda magari wa Nairobi walianzisha mashindano wakayaita Coronation Safari. Hayakuwa ya kuzunguka kiwanjani kama ng'ombe wa kukanyagia udongo. Yalikuwa ya kupita nchi nzima-nzima: Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara hizohizo za malori na mabasi. Mwaka 1960 yakabadilishwa jina, yakawa East African Safari. Magari mengi yaliyotoka Ulaya kwa mbwembwe yalikwama kwenye tope letu, yakavutwa na watu wenye majembe.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta magari yake aina ya PV544. Hayakufika popote. Moja kati ya magari hayo likabaki Afrika, na fundi mmoja wa Kenya, Joginder Singh, akalinunua likiwa limeshatumika. Akalifungua, akalifunga, akalijua kama mtu anavyoijua baiskeli yake. Mwaka uliofuata, 1965, yeye na mdogo wake Jaswant wakashinda Safari kwa gari hilohilo. Gari la mtumba! Wenye kiwanda walishindwa nalo, fundi wa nyumbani akalifikisha. Baadaye Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiendesha Mitsubishi Lancer.

Wa pili ni wa kwetu. Bert Shankland alikuwa Mskoti aliyefanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya Tanganyika Motors, waliokuwa wakiuza Peugeot. Huyu naye alikuwa mtu wa gereji. Akiwa na Chris Rothwell, alishinda Safari mwaka 1966 na akarudia 1967, kwa Peugeot 404. Unaijua 404? Siyo gari la michezo hata kidogo. Ni gari la mwalimu mkuu, gari la daktari wa wilaya, gari la teksi. Lakini lilishinda, na nadhani hapo ndipo akili za watu wa Afrika Mashariki zilipofunguka: gari la sifa si lazima liwe na milango miwili na kelele. Sifa yake ni kufika.

Halafu ikaja zamu ya Wajapani. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600, na 1971 akashinda tena kwa Datsun 240Z. Hii sasa ndiyo yenyewe, jamani: pua ndefu, mgongo mfupi, injini ya silinda sita. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda, naye akashinda kwa 240Z. Alilingana pointi na Harry Källström, naye mtu wa Datsun, ikabidi watenganishwe kwa kanuni. Mwaka mmoja kabla, 1972, Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia wa Uganda, na familia ya akina Mehta, wenye kiwanda cha sukari Lugazi, ilikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo aliyeshinda mwaka ule alikuwa ameshapoteza nyumbani. Mehta aliendelea kushinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet, ambayo wengi kwetu waliijua kama 160J. Hiyo nayo ni gari la watu wa kawaida, milango minne, mzee anakwenda nayo kanisani.

Karagwe tuliyapata haya kwa redio na kwa hadithi za madereva wa malori ya kahawa. Baba yangu mdogo mwingine, fundi wa siku nyingi pale Omurushaka, anasema walikuwa watoto wakitengeneza magari ya mabua na kugombania nani awe Joginder. Magari ya kweli yalikuwa ya kuhesabu: la misheni, la serikali, la ushirika, na la mwenye duka.

Lakini nisikudanganye, msomaji, kwamba gari la kifahari ni jambo la furaha tu. Mwaka 1975, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Kampala, Amin aliingia kwenye mbio za magari akiwa na mkewe mpya Sarah, ndani ya Citroën SM. Ile ni Citroën yenye injini ya Maserati, moja ya magari mazuri kupata kutengenezwa. Picha zake zipo mpaka leo. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1978, majeshi yake yalivuka mpaka wakaivamia nchi yetu. Waliua watu, wakaswaga ng'ombe, wakabeba mabati, mashine na magari. Tarehe 3 Novemba wakalipua daraja la Kyaka, lile linalounganisha ng'ambo mbili za mto. Vita ilipokwisha, 1979, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto wenyewe, Kagera. Ndiyo maana mzee wa kwetu akiona gari linang'aa kupita kiasi, swali lake la kwanza si "lina spidi ngapi." Anauliza, "Limetoka wapi?"

Baada ya vita ikaja dhiki. Mafuta hayakuwepo, spea hazikuwepo, fedha za kigeni hazikuwepo. Kuna wakati gari binafsi lilikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeshawafundisha viongozi wasijilimbikizie mali, na mwenye gari binafsi alitazamwa kwa jicho la pembeni. Magari ya nyakati zile hayakufa, lakini yaliishi kwa ujanja wa mafundi: bomba la 404 kwenye Land Rover, kabureta ya hiki kwenye kile, springi zikikatika zinafungwa kwa kamba ya mpira. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa bila kuulizwa sana. Mwaka 1985 akaingia Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, na katika miaka ya 1990 meli zikaanza kumwaga mitumba ya Kijapani. Hapo ndipo Datsun na Peugeot zilipoitwa mikweche. Watu wakazitelekeza nyuma ya nyumba, kuku wakatagia ndani.

Wakati sisi tunafugia kuku, wenzetu walikuwa wanahesabu. Datsun 240Z iliyouzwa Marekani mwaka 1970 kwa dola 3,526, moja yake ya 1971 iliuzwa hukohuko Januari 2020 kwa dola 310,000. Mwaka 2003, Safari ya magari ya kale ilipofanyika kwa mara ya kwanza, aliyeshinda, Rob Collinge, aliendesha Datsun 260Z. Kwa hiyo, mdogo wangu, 240Z sahau. Wakubwa wameshaichukua.

Basi mtu wa kipato cha chini afanye nini? Hapa ndipo historia inaposaidia mfuko.

Kwanza, usiagize kutoka nje. Gari binafsi likifikisha miaka 8 linabeba ushuru wa uchakavu, na hiyo ni juu ya forodha ya asilimia 25, na juu yake tena VAT ya asilimia 18. Gari la milioni 10 likishuka meli, forodha peke yake ni milioni 2 na nusu kabla hujayagusa hayo mengine. Tafuta lililokwishaingia nchini siku nyingi, lenye kadi. Na kadi usiisome kwa mbali: namba ya chesisi iliyoandikwa pale ndiyo iwe imegongwa kwenye bodi. Zisipofanana, hilo si gari, ni kesi.

Pili, nunua kilichoshinda, usinunue kilichopambwa. Datsun 120Y, 160J, Peugeot 404, Peugeot 504: hizi zina undugu wa damu na mabingwa, na mafundi wazee wanazijua wakiwa wamefumba macho. Usisahau 504 ilishinda Safari mwaka 1975, na mwaka 1978 ikashinda ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Wakati huohuo 504 ya pikapu ilikuwa inabeba ndizi.

Tatu, ogopa kutu kuliko injini. Injini iliyokufa hufufuliwa, au hutafutwa nyingine. Kutu ikishakula sakafu na nguzo za chini, utapiga viraka mpaka uchoke. Inua kapeti. Ingia chini na bisibisi, gonga. Ikilia kama chungu kizima, sawa. Ikizama, aga vizuri uondoke.

Nne, na hili nalitoa kwa yule baba mdogo wa Omurushaka. Nilipomuuliza gari la zamani linanunuliwa kwa shilingi ngapi, alifuta mikono akasema, "Mwanangu, gari la zamani hulinunui siku moja. Unalinunua kila mwezi." Maana yake bei ile ya Mwanza ni mlango tu. Nyuma ya mlango kuna rejeta, breki, matairi, rangi. Aliyetumia hela zote kwa muuzaji amenunua banda la kuku.

Hapo sasa narudi kwa butura. Tazama hesabu zake. Mtu anauza kahawa mbichi kwa bei ya njaa ili anunue kitu kitakachodai hela kila mwezi, na hela ya kila mwezi ndiyo hiyohiyo kahawa aliyokwisha kuiuza. Mwaka utakapogeuka atapiga butura tena, safari hiyo kwa ajili ya breki. Nao mwaka wa tatu watakuja kuulizia kibanja chenyewe. Na kibanja kwetu siyo shamba tu. Babu yuko pale chini ya migomba, na bibi kando yake.

Wengine wataniambia nawavunja moyo vijana. Hapana. Naona watu wetu ni watu wa vyuma tangu zamani. Speke alipofika Bweranyange mwaka 1861, Omukama Rumanyika alikuwa na mali za chuma zilizofuliwa na wahunzi wa Karagwe, hadi ng'ombe wadogo wa chuma. Kyerwa kumechimbwa bati tangu enzi za Mwingereza, na bati ndilo linalochanganywa na risasi kuchomelea rejeta. Sasa watu wa namna hiyo washindwe na Celica? Wasishindwe. Ila mhunzi hakufua chuma kabla hakijaiva motoni.

Kwa hiyo nimemwandikia mdogo wangu hivi: Mjibu mwenye hela kwamba kahawa haiuzwi mtini. Vuna mwenyewe, anika mwenyewe, peleka ushirika. Toa sehemu ya nyumbani, toa ya ada ya wadogo zako, kinachobaki weka. Wakati unangoja, nenda pale Omurushaka ukashike spana kwa miezi mitatu, bure, baba mdogo amekubali. Celica ile ikiwa imeuzwa, kuna 120Y mbili ninazozijua zimelala kwenye nyasi, mojawapo ina kadi. Mimi nitachangia nusu ya bei, kutoka kwenye kamshahara kangu. Jina kwenye kadi liwe lako.

Amejibu kwa neno moja: "Sawa." Mhaya au Mnyambo akijibu kwa neno moja, bado anafikiri. Kahawa bado ni kijani, na mtu wa butura hajaacha kupita.

Nawe mwandishi mwenzangu wa mjini, unayelalamika huna la kuandika, chukua daftari uende kwenye gereji yoyote iliyo karibu nawe. Muulize fundi mzee zaidi gari la kwanza alilolifungua lilikuwa la nani, na lilifikaje pale. Wazee hawa wanaondoka, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote.