Gharama ya pumzi: ribridha, chokaa na bahari ya Lamu

Wasomaji wangu, leo tunaweka kando seva na hifadhidata, ingawa hatuendi mbali nazo sana. Kifaa ninachotaka kukizungumzia kina kompyuta ndani yake, na programu yake ikikosea, mtu hafi moyo tu, anakufa kweli. Kinaitwa ribridha, mashine ya mzamiaji inayozungusha pumzi yake mwenyewe badala ya kuitoa majini kama mapovu. Swali langu si bei yake dukani, ambayo ni maelfu ya dola. Swali ni hili: ukishaimiliki, inakula nini kila mwezi? Na je, visiwa vya Lamu, Manda na Pate, vyenye historia nyingi namna ile baharini, vinaihitaji?

Tuanze na hesabu. Mtu anapopumua, mwili hutumia sehemu ndogo tu ya hewa aliyoivuta. Mzamiaji wa skuba ya kawaida huvuta lita 20 hivi kwa dakika akiwa juu ya maji. Akifika mita 30, shinikizo ni mara nne, kwa hiyo anamaliza lita 80 kwa dakika. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa bari 200 una lita 2,400, yaani dakika 30 tu, bila kuweka akiba. Lakini oksijeni ambayo mwili unaitumia hasa ni kama lita moja kwa dakika, na kiasi hicho hakibadiliki kwa kina. Ukiweza kuirudisha pumzi, kuitoa hewa ya ukaa na kuongeza oksijeni iliyotumika, mtungi mdogo wa lita 3 unakutosha kwa saa nyingi.

Wazo hili si jipya. Mwingereza Henry Fleuss alitengeneza kifaa cha namna hiyo miaka ya 1878 na 1879, akitumia nyuzi za kamba zilizoloweshwa katika dawa ya potashi ili kunasa hewa ya ukaa. Mwaka 1880 mzamiaji Alexander Lambert alikitumia kuingia katika handaki la reli lililojaa maji chini ya mto Severn na kufunga mlango wa chuma. Tatizo lilikuwa kwamba oksijeni tupu huwa sumu ukipita mita 6 hivi. Ndiyo maana kwa miongo mingi ribridha zilibaki mikononi mwa majeshi, kwa kazi za maji ya juu juu. Mwaka 1968 Walter Starck na John Kanwisher walileta Electrolung, iliyopima oksijeni kwa umeme na kuchanganya gesi yenyewe. Mwaka 1997 kampuni ya Kiingereza AP Valves ilianza kuuza Inspiration kwa raia wa kawaida. Kuanzia hapo mashine ikawa mali ya mtu binafsi, na bili zake zikawa zake pia.

Sasa tufungue mashine. Moyo wake ni kopo lililojaa chembechembe za chokaa ya soda. Hewa ya ukaa ikipita humo inaungana na chokaa na kugeuka mawe ya chokaa. Hapa wenyeji wa Lamu wana haki ya kutabasamu, maana kemia hii wanaijua kwa mikono. Kwa karne nyingi mafundi wa visiwa hivi wamechoma matumbawe kwa kuni na kupata chokaa. Moto huitoa hewa ya ukaa kwenye jiwe. Chokaa ikipakwa ukutani, inaivuta tena hewa hiyo polepole mpaka plasta inakuwa jiwe upya. Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zimesimama kwa mzunguko huo. Ukuta unafanya kwa miezi kazi ambayo kopo la ribridha linatakiwa kuifanya kwa nukta chache.

Tahadhari kabla mtu hajapata wazo la kubana matumizi. Chokaa ya ujenzi haifai kabisa kuwekwa kwenye kopo. Ile ya mzamiaji ina ukubwa maalumu wa chembe na unyevu maalumu. Vumbi lake likichanganyika na maji likaingia kinywani, linaunguza. Na pumzi ikipata njia ya mkato kati ya chembe, hewa ya ukaa inarudi mapafuni, mtu anachanganyikiwa akiwa bado chini. Hapa msemo wa rahisi ni ghali una maana yake kamili.

Basi tuhesabu. Kopo la kawaida linachukua kilo 2.5 hivi na linatumika kwa saa 3. Ukizamia saa 100 kwa mwaka, unahitaji kulijaza mara 34, yaani kilo 85, zaidi ya ndoo nne za kilo 20. Ukiwa Kizingitini, kisiwani Pate, kila ndoo ni mzigo wa boti, na boti inayopita mlango wa Mkanda husubiri maji yajae. Ongeza oksijeni safi, ambayo kompresa ya kawaida haiwezi kuitoa. Ongeza mtungi wa akiba wa kujiokoa mashine ikigoma, ambao lazima uwe nao kila unapozama. Ongeza betri, mipira ya kuzuia uvujaji, mabomba, na upimaji wa mitungi ambao nchi nyingi huudai kila baada ya miaka mitano.

Halafu kuna vihisi vya oksijeni, na hapa wenzangu wa programu watege masikio. Mashine nyingi zina vihisi vitatu, kila kimoja kikiwa na bei ya karibu dola 100. Ni betri ndogo za kemikali zinazoanza kuzeeka siku zilipotengenezwa, iwe umezamia mara mia au hukuzamia kabisa. Kila mwaka au mwaka na nusu unavitupa. Ni kama kodi ya seva: mgeni asipokuja hata mmoja, bili inakuja.

Kwa nini vitatu? Kwa sababu programu hupiga kura. Vihisi viwili vikikubaliana na cha tatu kikapinga, cha tatu kinapuuzwa. Mantiki nzuri, lakini ina tundu. Vihisi viwili vya kundi moja, vyenye umri mmoja, vinaweza kuchoka pamoja na kudanganya kwa namna moja. Hapo kura za waongo wawili zinamshinda mkweli mmoja, na mashine inaendelea kuongeza oksijeni ambayo haitakiwi. Dawa yake ni kuvibadilisha kwa zamu badala ya vyote siku moja. Kumbe ratiba ya matumizi ya pesa ni sehemu ya usalama. Anayechelewesha vihisi ili kuokoa dola 100 amebadilisha programu bila kugusa mstari mmoja wa kodi.

Mambo haya yasingemshangaza nahodha wa zamani wa Lamu. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, ulidai kamba zake zikaguliwe na kushonwa upya. Jahazi la misumari nalo linapandishwa ufuoni, linatiwa kalafati na kupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa (chokaa tena!), ili wadudu wasile mbao. Mwenye chombo alijua kwamba kununua ni siku moja na kutunza ni kila msimu. Aliyesahau, bahari ilimkumbusha.

Tuje kwenye historia iliyo chini ya maji. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira Fort Jesus, meli ya Kireno Santo António de Taná ilizama mbele ya ngome. Kati ya mwaka 1977 na 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya na taasisi ya Kimarekani INA, chini ya Robin Piercy, waliichimbua kwa vifaa vya skuba vya kawaida. Vyombo vingi vilipandishwa juu. Mbao za meli zilichorwa na kupimwa, kisha zikafunikwa na kuachwa pale pale, maana kuhifadhi mbao zilizolowa karne tatu ni gharama ya miaka na miaka.

Mwaka 2010 ukaanza mradi wa Kenya na China wa miaka mitatu, uliowaleta wazamiaji wa Kichina katika bahari ya Lamu na Malindi. Wakazi wa Pate wana masimulizi ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo, na wengi walitaka meli ya Zheng He ionekane. Haikuonekana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alikuja. Mwenyeji anapona pale tu vifaa vinapojazwa na kupimwa hata mwaka wa nne, mgeni akiwa ameshaondoka.

Na angalieni jinsi mabaki yanavyopatikana. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mabaki ya meli ya karne ya 16, pamoja na pembe za ndovu na shaba, yapo kwenye maji ya mita chache tu. Wavuvi wa kamba wa visiwa vya Lamu huzamia miamba kwa pumzi ya kifua chao, na macho yao ndiyo kihisi cha kwanza cha pwani hii. Kwa kina hicho ribridha haina faida ya kulipia ndoo nne za chokaa.

Mahali pake ni chini zaidi. Mwaka 2001 samaki wa kale anayeitwa silakanti alinaswa na meli ya uvuvi nje ya Malindi. Ndugu zake wa Sodwana, Afrika Kusini, wanaoishi kwenye mita 100 na zaidi, walifuatwa mwaka 2013 na timu ya Mfaransa Laurent Ballesta wakiwa na ribridha. Kule mtungi wa kawaida unakupa dakika chache, na mashine inajilipa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mfadhili akija Lamu na ribridha kumi zinazong'aa, tumshukuru, kisha tumuulize nani atanunua vihisi mwaka wa tatu. Kama hana jibu, afadhali alete kompresa moja nzuri, mitungi ya kawaida, vipuri vyake, na mshahara wa vijana wawili wa Pate wa kuvitunza.